Wiki ya Mbalamwezi



Juma hili mwezi umejaa. Ukishuka ufukweni Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika, saa mbili usiku hutasikia makasia wala injini. Vyombo vimepandishwa mchangani, taa zimerudishwa nyumbani, wavuvi wako kwao. Majuma mawili yaliyopita, saa kama hii, ziwa lilikuwa limejaa taa, na mgeni aliyeshuka kwenye basi kwa mara ya kwanza angeapa kwamba kule katikati kuna mji mwingine. Leo hakuna taa hata moja.

Mtu wa ufukweni hahitaji kuelezwa sababu, lakini kwa wewe unayetusikiliza kutoka Gitega au Ngozi, ambako ndagala hufika wakiwa wamekauka ndani ya gunia, niseme kidogo. Ndagala, wale dagaa wetu, huvuliwa kwa taa. Tangu miaka ya 1950 wavuvi wa upande wa Burundi huunganisha mitumbwi kwa miti, hutundika taa juu ya maji, na wavu huushusha chini ya taa. Mwanga huvuta vijidudu vya majini, vijidudu humvuta ndagala, na ndagala humvuta mukeke, samaki mkubwa anayekuja kumla. Wavu ukiinuliwa, wote wamo. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni balbu za betri, nyingine zinachajiwa kwa jua. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa yako, na unaweza kukesha hadi alfajiri ukarudi na kilo za kuhesabika. Kwa hiyo siku kadhaa za kila mwezi wavuvi hukaa. Wanasema wako kwenye mbalamwezi, kama karani anavyosema yuko likizoni.

Nimeichagua likizo hiyo kwa sababu mada yetu ya leo ni msongo wa mawazo, na namna watu wa kawaida wanavyoupunguza bila kwenda duka la dawa. Ushauri juu ya jambo hili tumeupata wa kutosha. Kila simu ina ujumbe unaozunguka: kunywa maji mengi, tabasamu, usiwaze sana. Huyu aliyeanzisha "usiwaze sana" nadhani hajawahi kudaiwa. Mvuvi hakutumiwa ujumbe. Mwezi umetoka, kazi imesimama. Hakumwomba ruhusa tajiri wa chombo, hakujiona mvivu mbele ya mkewe, hakulala nusu jicho akijua kwamba mwenzake yuko majini anamtangulia. Wote wamekaa. Katika yote nitakayoyataja jioni hii, hilo ndilo ninaloliona kubwa, na ndilo tunalolisahau: mapumziko yake yana tarehe, tarehe haipangwi na yeye aliyechoka, na anapumzika akiwa na wenzake.

Ukitaka kujua anayatumiaje mapumziko hayo, pita ufukweni asubuhi. Kwanza utaona watu wachache, kwa sababu wengi bado wamelala, na wanalala usiku kama watu wengine, jambo ambalo mwili wao ulikuwa umelisahau. Kufikia saa nne wametoka. Wavu umetandazwa juu ya mchanga na wanaume watatu wanne wameuzunguka, kila mmoja na sindano ya mti na uzi wa nailoni, wanatafuta matundu kwa vidole kabla ya macho. Mazungumzo yanakwenda na kurudi bila haraka: nani kaoa, mpira wa juzi, bei ya betri. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni, macho yako kwenye wavu, na pengine ndiyo maana mtu anaweza kusema neno zito katikati ya hayo, mtoto anaumwa, nyumba ina kesi, na likapokelewa bila kishindo. Chini ya mwembe wengine wanacheza dama kwa vifuniko vya soda, na anayeshindwa hazungumzi.

Sasa tuingie kidogo ndani ya mwili. Mwaka 1936 daktari mmoja, Hans Selye, akiwa Montreal huko Canada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa njia tofauti tofauti, baridi, kazi ya kuchosha, sumu, na akakuta kwamba miili yao iliitika kwa namna ileile: tezi zilizokaa juu ya figo zilivimba, na tumbo likapata vidonda. Tezi hizo hata wewe unazo, na kazi yake ni njema. Ukikutana na kiboko kwenye matete jioni, adrenalini inakukimbiza kabla hujapata muda wa kufikiri. Nyuma yake inakuja kortisoli, inaongeza sukari kwenye damu na kuahirisha shughuli zinazoweza kungoja: kusaga chakula, kuponya kidonda, hamu ya mke na mume. Kiboko akirudi majini, kila kitu kinarudi mahali pake. Taabu ya binadamu ni kwamba anaweza kumbeba yule kiboko kichwani, akala naye, akalala naye, mwezi baada ya mwezi. Hapo ndipo presha inapopanda, usingizi unapokatika saa nane usiku, na tumbo linapoanza kuwaka bila kula pilipili.

Kuna Mmarekani, Robert Sapolsky, aliyewafuatilia nyani wa Masai Mara, Kenya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akiwadunga sindano ya usingizi kwa mbali, anawatoa damu, anapima homoni zao. Aliona kwamba nyani wanyonge, wanaopigwa na kunyang'anywa chakula, damu yao imejaa dalili za msongo. Kisha katikati ya miaka ya 1980 kundi moja likapatwa na mkasa. Madume wakorofi wa kundi hilo walikuwa na tabia ya kwenda kugombea mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Kundi likabadilika: wanakaa karibu karibu, wanachambuana manyoya kwa saa nyingi, mnyonge hapigwi ovyo. Walipopimwa, damu ya wale wanyonge haikuwa tena na dalili zile. Cha ajabu zaidi, vijana wa kiume waliohamia kutoka makundi mengine walijifunza upole uleule, na miaka mingi baadaye kundi lilikuwa bado hivyo. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliyachapisha hayo mwaka 2004. Nikipita msitu wa Kigwena, kwenye barabara ya kwenda Nyanza-Lac, huwa ninawatazama nyani wa pale kwa heshima zaidi.

Lakini nisije nikasikika kama mtu anayedhani mizigo ya Rumonge inatuliwa kwa kuchambuana manyoya. Huku ndiko machafuko ya 1972 yalikoanzia, tarehe 29 Aprili, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Watu walikimbilia Tanzania kwa maelfu. Watoto wao wakazaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakakulia huko. Waliorudi baada ya miaka thelathini na zaidi walikuta shamba la baba lina mwenyewe mwingine, na pengine limepandwa michikichi ya mradi wa serikali. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliwapa haki ya kurejeshewa mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine, lakini hakuna tume inayoweza kulizaa shamba moja mara mbili. Ziko familia hapa zilizogawana kiwanja kimoja, huyu ana kumbukumbu ya kaburi la babu yake pale chini ya mti, yule ana miaka thelathini ya jasho lake mahali palepale, na wanapishana kila asubuhi wakienda kuteka maji.

Kisha likaja ziwa lenyewe. Kuanzia 2018 maji yalipanda, na masika ya 2024 yakaingia majumbani, kwenye mahoteli, kwenye barabara za kando ya pwani. Aprili ya mwaka huo serikali na Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba zaidi ya watu 200,000 nchini wameathiriwa na mvua na mafuriko tangu Septemba. Ongeza kipindupindu kinachorudi mara kwa mara huku ziwani, ongeza foleni za petroli na bei ya kilo ya sukari, nawe utaelewa kwa nini nina uvivu wa kumwambia mtu wa Rumonge avute pumzi mara tatu halafu atabasamu.

Tutenganishe basi. Lipo tatizo unaloweza kulifanyia kazi kesho asubuhi, na lipo ambalo utaamka nalo kesho, keshokutwa na mwakani. La kwanza, dawa yake ni kulikabili: nenda kwa anayekudai, zungumza naye, gawanya deni. La pili halikuachii nafasi ya kulimaliza, na linachokula ni mwili wako. Huo mwili ndio tunaoweza kuusaidia.

Na mwili huwa unasaidika kwa kazi ya mpigo mmoja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Robin Dunbar, waliwachukua vijana 12 wa timu yao ya makasia, wakawaweka kwenye mashine za kupigia makasia. Mara moja kila kijana alipiga peke yake. Mara nyingine walipiga kwa pamoja, mpigo mmoja. Kila baada ya zoezi walibanwa mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha hadi waseme basi. Nguvu waliyotumia ilikuwa ileile, lakini waliopiga pamoja walivumilia maumivu zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwenda sambamba kunauzidishia ubongo zile kemikali zake za kutuliza maumivu. Mzee yeyote wa ufukweni aliyepiga kasia kabla ya injini kuenea angewaeleza hayo bila mashine. Kwa nini unadhani wapiga kasia wale waliimba? Pumzi ile wangeweza kuitunza kwa ajili ya mikono. Waliimba kwa sababu wimbo uliiweka migongo yote katika mwendo mmoja, na safari ikapungua uzito.

Si lazima uwe na kasia. Nenda uani jioni wakati wa kutwanga sombe. Kinu ni kimoja, michi miwili, mama na binti yake, au majirani wawili. Mmoja anainua, mwingine anashusha, majani ya muhogo yanaanza kutoa maji ya kijani na harufu ya mvua. Hapo huwezi kuwaza kesi ya shamba. Fikra zikikutoka kidogo tu, mchi wako unagongana na wa mwenzako, mnacheka, mnaanza upya. Nusu saa hiyo wamepumzishwa na kazi yenyewe. Juzi nimeambiwa kwamba mashine ya kusaga sombe imefika hata mitaa ya ndani, na sina haki ya kumlaumu mama anayepeleka sahani yake pale akaokoa mabega. Nasema tu kwamba pamoja na mabega kuna kitu kingine kimeondoka, kinatafutiwa mahali pengine.

Warundi wengi wamekipata kwenye kukimbia. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili, Bujumbura hasa, makundi yalikuwa yakikimbia barabarani yakiimba, mtu mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, kupanda vilima na kushuka. Mtindo huo ulikuwa na nguvu hata miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kukimbia katika kundi kulikuwa pia ulinzi. Mwezi Machi 2014, baada ya vurugu zilizohusisha wafuasi wa chama kimoja cha siasa, wakuu wa mji walipiga marufuku kukimbia kwa makundi isipokuwa mahali palipotengwa, na habari hiyo ikazunguka dunia kama kichekesho. Kwa aliyekuwa akipunguzia shida zake za wiki nzima pale, haikuwa kichekesho. Rumonge tuna bahati ya barabara iliyo tambarare kando ya ziwa na kivuli cha michikichi. Asiyeweza kukimbia atembee, na akimpata wa kutembea naye, bora zaidi.

Pumzi nilizidharau hapo juu kidogo, nizirudie kwa haki. Moyo huenda mbio kidogo unapovuta pumzi na hupungua mwendo unapoitoa. Ukiirefusha pumzi ya kutoka, unaupa moyo muda mrefu wa kupoa. Mwaka 2001 Mtaliano Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza utafiti juu ya watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine kuimba maneno ya yoga. Kwa njia zote mbili pumzi zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mwendo wa moyo na damu ukatulia vizuri. Hawakufundishwa kuhesabu, urefu wa sala ndio uliowahesabia. Sioni kwa nini uradi wa Mwislamu baada ya alasiri, tasbihi mkononi, au zaburi inayoimbwa taratibu kanisani, usifanye kazi hiyohiyo kwa yule asiyekimbilia kumaliza. Msikiti na kanisa Rumonge havikosekani. Wenye dini wanajua kwamba wanasali kwa sababu kubwa kuliko hiyo, nami sitaki kuifanya ibada kuwa kidonge. Nasema mwili nao unapata fungu lake.

Maji je? Watu wetu wanaamini maji. Maji moto ya Mugara, vilimani nje ya mji, huwavuta watu tangu zamani: wenye maumivu ya mgongo, wenye upele, na wengi ambao ukiwauliza wanaumwa nini hawana jibu la moja kwa moja. Wanakaa majini, wanapiga gumzo, wanarudi wepesi. Madini ya pale sitayatetea. Joto ninaweza kulitetea. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walikusanya tafiti nyingi juu ya kuoga maji ya moto kabla ya kulala, wakakuta kwamba anayeoga saa moja au mbili kabla ya kulala hupata usingizi kama dakika 10 mapema. Joto huita damu kwenye ngozi, viganja na nyayo, ndani ya mwili panapoa, na kupoa huko ndiko kunakoleta usingizi. Kwa hiyo nauli ya Mugara ikikosekana, ndoo moja ya maji ya moto nyumbani inatosha.

Kuoga ziwani ni raha nyingine, na wenyeji wanajua ni wapi na saa ngapi. Mgeni aulize. Viboko hawana ratiba, na sisi ndio nchi ya Gustave, yule mamba wa mto Rusizi aliyetengenezewa hadi sinema huko Marekani. Na ukioga, usinywe. Kipindupindu hakipunguzi mawazo ya mtu.

Pombe nitaipitia haraka maana majibu yake mnayo. Urwarwa kwenye harusi na chupa baada ya mechi ni mambo ya kijamii, sina ugomvi nayo. Anayekunywa ili alale, pombe itamlaza kweli saa tatu, halafu itamwamsha saa nane usiku, koo limekauka, moyo unadunda, na lile alilolikimbia liko pale limekaa kwenye ukingo wa kitanda. Kesho yake ataongeza chupa. Simu kitandani nayo haiko mbali na hapo.

Sasa nirudi kwenye mbalamwezi, kwa sababu niliisifu nikaacha upande wake mmoja. Mwezi unaompumzisha mvuvi unamfungia biashara mama muuza ndagala. Ndiye anayewasubiri alfajiri na beseni kichwani, ndiye anayewaanika kwenye vichanja na kuwageuza, ndiye anayefukuza kunguru. Wiki ya mwezi mpevu vichanja viko vitupu na watoto wanakula vilevile. Hata mvuvi, kama amekopa kwa tajiri kabla ya mwezi kujaa, likizo yake inakuwa ya kulala akitazama dari. Upande wa Tanzania jambo hili lilionekana kwa ukubwa mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Samaki walihitaji mapumziko yale, na sina shaka ziwa pia liliyahitaji. Lakini miezi mitatu bila akiba ni muda mrefu.

Ndiyo maana mimi, katika dawa za asili za msongo wa mawazo, naweka sanduku la bati lenye kufuli tatu. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzia Niger mwaka 1991 vimeenea Afrika nzima, na hapa Burundi akina mama wengi wanavijua kwa jina la Nawe Nuze. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, kwa hiyo sanduku halifunguki mpaka wote wakutane. Kila juma wanakaa kwenye duara, kila mmoja anataja mchango wake kwa sauti na wote wanasikia, pembeni kuna mfuko mdogo wa shida: msiba, ugonjwa, uzazi. Mama aliye na faranga zake mle ndani analala tofauti wiki ya mbalamwezi. Na tazama yanayofuata baada ya sanduku kufungwa. Hawaondoki. Wanabaki wamekaa saa nzima, nani kaonewa na nani mtoto wake kafaulu, na huko ndiko mambo yanakosemwa ambayo hayasemwi kwa mume wala kwa kasisi. Ukimwuliza mmoja wao kama amehudhuria tiba ya msongo wa mawazo atakushangaa.

Shirika la Afya Duniani lilifika karibu na wazo hilo kwa njia yake. Lilitengeneza mafunzo ya kujisaidia, yanasikilizwa kutoka kwenye kinasa sauti, watu wakiwa wamekaa pamoja chini ya uongozi wa mtu wa kawaida aliyefundishwa kwa muda mfupi. Yalijaribiwa Uganda, kambi ya Rhino, kwa wanawake 694 waliokimbia Sudan Kusini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye dhiki ya wanawake waliohudhuria ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao. Walifundishwa kupumua, kurudisha fikra pale walipo zinapowatoroka, kufanya dogo lililo karibu. Lakini walifundishwa wakiwa wamekaa pamoja.

Wapo wasio na mwezi kabisa. Dereva wa pikipiki, mwenye kiduka kinachofunguliwa kabla ya alfajiri hadi saa nne usiku, kijana wa kwenye mtambo wa mawese anayezunguka na nondo ya kukamulia tangu asubuhi, mafuta mekundu hadi kwenye nyusi. Hawa hawatapumzishwa na anga. Wenye mitambo, nasema nanyi: siku moja ya kufunga iliyo wazi kwa wote, inayojulikana, isiyobadilishwa kwa sababu michikichi imezaa sana mwezi huu, inawafaa vijana wenu kuliko nyongeza ndogo mnayowapa kimyakimya. Na mwenye kiduka, zungumza na mwenye kiduka jirani. Mkifunga wote wawili Ijumaa mchana au Jumapili, hakuna atakayemnyang'anya mwenzake mteja. Mmoja akifunga peke yake atakaa nyumbani akisikiliza nani anaingia kule ng'ambo ya barabara.

Nimebakiza jambo moja, na hili halitibiwi kwa mchi wala kwa kasia. Mtu akikaa majuma mawili na zaidi hali, halali, hapendi hata alichokuwa anakipenda, haogi, au anaanza kusema kwamba afadhali asingekuwepo, huyo ni mgonjwa kama mgonjwa wa malaria. Mpeleke kituo cha afya, na huko waulize kuhusu rufaa. Kamenge, Bujumbura, kuna kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na watu huletwa pale kutoka kila pembe ya nchi. Wengi huletwa wamechelewa, baada ya kufichwa kwenye chumba cha nyuma au kuzungushwa kwa waganga, kwa sababu ya aibu. Usimtume peke yake na karatasi mkononi. Nenda naye, lala naye huko kama unaweza, na kumbuka jina la dawa aliyopewa, maana akirudi nyumbani akaanza kujisikia vizuri atataka kuiacha, na wewe ndiye utakayemkumbusha.

Na kabla hajafika huko, jirani anaweza kujua mapema. Ukikutana naye njiani kesho asubuhi, badala ya kumwuliza habari, ambayo jibu lake ni nzuri hata kwa aliyefiwa, mwulize amelala saa ngapi jana. Akikwambia halali, kaa naye, msikilize, na ushauri wako uuache nyumbani siku hiyo ya kwanza. Siku ya pili mpitie tena.

Wavuvi wanarudi majini juma lijalo, na mukeke sokoni, Mungu akipenda, siku inayofuata.